Mkono wa Idi Ambao Sikuupokea

Shinyanga, Jumatano, siku ya kwanza ya mwaka 1936. Mvua inanyesha tangu alfajiri, uani ni tope tupu.

Njiani watu wanatakiana heri ya mwaka mpya. Mimi nimefunga mlango. Salamu zimenishinda.

Mama Zuhura tumemzika jana. Nasema tumemzika, lakini mimi nilisimama nje ya ua wa minyaa kama mpita njia, na nyumba yake na yangu zinatenganishwa na ua huo tu. Homa ilimshika Jumapili, Jumanne hayupo. Mumewe yuko Geita kwenye machimbo ya dhahabu, na sidhani kama habari imemfikia.

Niandike ukweli, maana daftari hili halina msomaji ila mimi.

Mwaka uliokwisha jana, Noeli na Idi ziliachana siku mbili tu. Ngoma zetu za kujiandaa na Noeli zililia wenzetu wakiwa bado wamefunga, maneno yakaanza. Msikitini wakaambiwa wasitutakie heri ya Noeli, eti ni kuingia dini yetu. Wazee wa kanisa nao wakapandwa na hasira, wakaamua tusiitikie salamu za Idi wala tusipokee mkono wa mtu. Kesi ilipofika bomani, Bwana Shauri, yule mzungu wa serikali, alisema kila mtu abaki na salamu zake. Tangazo la wazee alilisoma mume wangu, Baba Paulo, kwa kuwa ndiye katekista.

Mama mkwe wangu, ambaye hasali kwetu wala kwao, alicheka mpaka akakohoa. "Sisi Wasukuma tunaambiana mwangaluka, kumekucha, basi. Ninyi jua likichomoza mnauliza kwanza ni la nani."

Ijumaa, siku ya Idi, Mama Zuhura akaja. Huyu ndiye aliyenizalisha Paulo, mvua ikiwa imefunga njia ya misheni. Wao siku hiyo hupita nyumba kwa nyumba kupeana mkono na kuombana radhi kwa makosa ya mwaka mzima, na kila mwaka alianzia kwangu. Alipiga hodi, akanyoosha mkono.

"Mkono wa Idi, Mama Paulo. Kama nimekukosea, nisamehe."

Mke wa mzee mmoja wa kanisa alikuwa ameketi uani kwangu, tunachambua choroko. Akaacha kuchambua, akanitazama.

Nikaingiza mikono ndani ya kanga. "Tumekatazwa," nikasema.

Niliona haya, lakini woga ulinizidi. Niliogopa kusemwa, hakuna zaidi.

Hakukasirika. Alishusha mkono, akasema, "Haya, mwenzangu. Wakipoa nitarudi."

Na anarudi.

Tangu jana nasikia hodi yake, ile ya taratibu, kila nikishika mwiko. Natoka, hakuna mtu. Leo asubuhi nimetoka mara tatu mvuani, na mara ya tatu nilijibu karibu kabla sijafika mlangoni. Mama mkwe aliniona. Safari hii hakucheka.

Jana, kabla jeneza halijatoka, mwalimu wao alisema kwa sauti: aliyekosewa na marehemu amsamehe. Watu wakaitikia pamoja kwamba wamesamehe. Mimi nilifungua mdomo, sauti ikagoma. Hakunikosea kitu Mama Zuhura. Lakini aliniomba neno moja, akaenda kaburini bila kulisikia.

Baba Paulo ananiambia ni homa iliyomuua, si mimi. Najua. Tangu jana hathubutu kunitazama usoni, naye pia nadhani anasikia sauti yake mwenyewe ikisoma lile tangazo.

Kesho nakwenda kukaa matanga, mkekani, pamoja na wanawake wa kwao. Kanisa likitaka kunitenga, na linitenge. Baba Zuhura akifika kutoka Geita nitamwambia mimi mwenyewe, kabla hajaambiwa na watu, kwamba mkewe aliniomba radhi mlangoni na mimi nikaficha mikono.