Album yenye ilikimbiza Mulekera

Lusenge, ile album yako ya dakika makumi ine, bila ngoma, bila mutu wa kuimba, muungurumo tu, itaniua!

Leo muchana nimeipiga ku baffle, ile spika kubwa ya chorale ya kanisa, pale kwetu Mulekera. Mama Ornella, jirani, akatoka mbio: « Avion! Ndege ya vita! Banakuja kutupa bombe! »

Nikazima haraka. Mon vieux, ndiyo mambo ikaharibika kabisa.

« Imenyamaza! Imeshatuona! » Mama Ornella akalia.

IMESHATUONA, Lusenge! Batu bote bakabeba matela, magodoro ya kulalia, bakaanza kukimbia. Hata pasteur!

Nikamwambia mama yangu polepole: « Mais mama, ile ilikuwa miziki yangu. »

« Miziki gani inaunguruma vile? Beba matela, wewe! »

Donc niko ku barabara ya Butembo, matela ku kichwa, ninakimbia album yako.