Maharage Yaliyoitwa Magugu

Mdogo wangu mkaidi,

Paka amezaa ndani ya kabati langu la vitabu, na daktari anasema moyo wangu umechoka. Nisikilize kabla haujasimama, maana nina hasira nawe, na zaidi na nafsi yangu.

Mwanao hakuyaua maharage yangu. Niliyaua mimi. Tulikubaliana mashine yangu ya kupandia na droni yako ya kunyunyizia dawa mashamba yetu zitumie data moja, kila moja ijue nyingine imefanya nini. Mavuno yako yalipoyapita yangu, nikaona haya uyasome ya kwangu humo, nikaifunga data yangu kimyakimya, kisha nikapanda. Mwanao, aliyeirusha droni, alihisi.

"Baba mkubwa," akaniambia akicheka, "mficha uchi hazai."

"Mbona mimi nina mazao, wewe una methali."

Kesho yake droni, isiyojua nimepanda, ikaliona shamba langu kama lilivyokuwa kabla sijapanda: magugu matupu. Ikayamwagia maharage dawa ya kuua magugu. Nikapiga kelele, nawe ukamwita mwanao mlevi mbele ya majirani, ukamtupia nguo zake nje. Hukumuuliza hata swali moja! Baba gani wewe? Na mimi, msomi mzima, nikatikisa kichwa kama niliyeonewa.

Mrudishe nyumbani. Jeneza langu akitaka alibebe, akitaka alitemee mate. Ila wewe usiliguse kabla hujamwomba radhi.

Kaka yako, anayestahili mate hayo.