Kiondo cha Kathini

Kyuso

Dada Syombua,

Mko salama huko Kathonzweni? Hapa ndengu zimeiva, na jua linachoma hadi rangi inakauka kwenye brashi.

Dada, nimechanganyikiwa. Niliwaambia wanafunzi wangu wa Fomu Tatu walete kitu cha kusukwa kutoka nyumbani tuchore mapambo yake. Kathini, msichana mkimya, akaleta kiondo kikuukuu. Kamba zake zimesokotwa kinyume, vile marehemu mama alivyosokota kwa mkono wa kushoto. Mimi mbinu hiyo ilinishinda. Ni wewe tu uliyeiweza.

Nikamuuliza alikitoa wapi. "Mwalimu, nilipoachwa nikiwa mchanga kwa nyanya mmoja anayenilea, nguo zangu zilikuwa ndani yake."

Labda ulikiuza sokoni. Sijui. Lakini ule mwaka uliokaa huku kwa shangazi ukiugua, mbona nilikatazwa kuja kukuona?

Wiki ijayo darasa linachora sura ya mama mzazi. Kathini ameniuliza yeye atamchora nani, nami nikajifanya natafuta chaki. Niambie wewe, dada.

Ni mimi mdogo wako,
Kavata