Birika Lililokohoa

Sheikha, nimetoka kwa bibi, kule mtaani Kuze, sasa hivi.

Lile birika la kahawa lenye matumbo mawili, la chini na la juu, babu alipewa na mateka wa vita Mtaliano huko Mbaraki, mwaka wa arobaini na nne. Alikuwa akilitumia mwenyewe tu. Mwaka uliofuata akaondoka na meli, asirudi.

Bibi akalitumia kama dele, lile birika letu la shaba la kahawa, maji na kahawa vyote akavitia juu. Tumbo la chini likaungua likiwa kavu, wala birika halikutoa sauti. Akalifungia kabatini miaka yote hii.

Leo nimetazama kwenye simu, nikamwonyesha: maji chini, kahawa katikati, juu patupu. Nikaliteleka motoni, maji yakapanda. Birika likakoroma, likakohoa.

Bibi akajitanda leso kichwani. Si wajua wanaume wa zamani, walikohoa kwanza mlangoni ili wanawake wajistiri.

"Kafungue. Babuyo huyo yuwakohoa."

Nikamwambia, bibi, ni birika.

"Babuyo yuwakohoa. Mbona wamweka nje?"

Nikaenda kufungua, Sheikha. Birika nilikuwa nimeshaliepua, na kikohozi nilikuwa bado nakisikia, nje ya mlango.