Dereva Asiyejulikana wa Kamyo ya Gad

Jumatatu, 12 Januari

Theluji kidogo, kama unga uliomwagika mlangoni. Gad amelala. Nimemwona.

Si kwa macho. Kwa telefone. Wakati wa Noeli alinunua mpya, hii yake ya zamani akanipa mimi. Ndivyo tunavyofanya kwetu. Shati linashuka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, telefone inashuka kutoka kwa mtoto kwenda kwa mama. Hakuisafisha vizuri. Ndani kulibaki picha ya kigari cha kijani. Nikakibonyeza tu, kujaribu — kumbe ni logibuku yake ya kazi.

Zamani mashoferi waliandika kwa kalamu wameendesha tangu lini, wamelala tangu lini. Siku hizi kuna kisanduku ndani ya kamyo, kinasikiliza injini na kuandika chenyewe kwenye telefone. Kuna mistari: kupumzika, kulala, kuendesha, kupakia mizigo. Elsa, mdogo wake Gad, alinisomea mara moja, sikumsumbua tena. Na uzi mmoja wa bluu unapita katikati, unapanda, unashuka. Huo uzi ni mwanangu.

Asubuhi kabla ya kwenda kufua mashuka ya wazee nabonyeza kigari. Kinatokea kisanduku cha maneno, nabonyeza neno la bluu. Amerika yote ni hivyo, bonyeza la bluu upite. Halafu uzi huo hapo. Uko kwenye kulala. Aksanti Mungu. Sasa naweza kunywa chai.

Sijamwambia. Nikimwambia ataifuta.

Jumatano, 14 Januari

Nimeota nafuma kitambaa cha meza. Uzi ulikuwa wa bluu, unatoka dirishani, unapita juu ya nyumba za Temple Hills, juu ya miti isiyo na majani, haukatiki. Nikawa navuta polepole. Nilijua mwisho wake kuna kamyo. Niliogopa kuvuta kwa nguvu, nisimwamshe aliyelala ndani.

Nikaamka mikono imejikunja.

Baba yao alikufa kwenye makona ya Ngomo, barabara ya kwenda Bukavu. Shoferi alisinzia. Watu walisema ni frenzi, breki zimekataa, lakini aliyepona aliniambia mwenyewe: alisinzia. Elsa alikuwa mgongoni kwangu, Gad ameshika kitenge changu. Halafu huyo Gad amekua, amevuka bahari, kazi aliyoipenda ni hiyo hiyo ya usukani.

Kupumzika. Kulala. Kuendesha. Mimi nalitazama neno moja tu, la kulala.

Jioni amepiga kutoka Ohio. Sauti imechoka. Logibuku inasumbua, anasema. Kamyo inatembea lakini jina lake halipo. Kwenye kompyuta ya ofisini zimejaa maili zilizoandikwa kwamba aliyeendesha ni dereva asiyejulikana.

Nikamuuliza, lakini wewe ulikuwepo? Akacheka. "Mama, sasa nani alikuwepo?"

Ijumaa, 16 Januari

Gad yuko nyumbani! Amekula fufu na sombe mpaka akafungua mshipi. Amekonda usoni. Mama mtu huona.

Tukiwa bado mezani Gichuki akapiga. Huyu ni Mkenya wa ofisini kwao Landover, ndiye anayesimamia logibuku za mashoferi wote. Gad akaweka sauti ya wote wasikie. Gichuki akasema pole kwa kukatiza chakula, lakini mambo si mazuri. Bosi ameona zile maili za asiyejulikana. Anafikiria vitu viwili: ama Gad anampa mtu asiye na leseni usukani, ama anajitoa kwenye logibuku makusudi aendeshe saa za kulala. Vyote viwili ni kufukuzwa.

"Amenipa mpaka Ijumaa ijayo," Gichuki akasema. "Nimlete sababu, ama nichukue funguo za lori. Na mimi sitaki funguo zako, buda. Sijui hata kurudisha nyuma."

Gad hakucheka. Alisema usiku anaiacha wazi na jina lake, asubuhi anagusa tu, anaweka ramani mbele, anaanza safari. Akisimama kula anakuta logibuku imemtoa. Hajui ilimtoa lini.

Kesho wataitengeneza. Gichuki atamwongoza kwa simu.

Baadaye nikampigia Maman Rosalie, tunasali pamoja asubuhi kwa telefone tangu tulipofika nchi hii. Nikamweleza. Halafu akasema taratibu: "Mama Gad. Wewe kila siku unaomba nini?"

Naomba malaika akae kwenye usukani na mwanangu.

"Basi. Mashine imemwona, imeshindwa kumwandika jina."

Nimeyaandika maneno yake hayo hayo, nisiyasahau.

Jumamosi, 17 Januari

Nimekwenda na Gad Landover. Nilimwambia nataka kupeleka chupa ya chai tu. Nilitaka kuona.

Kamyo ndefu zimepangwa kama ng'ombe wanaongoja kukamuliwa. Ile yake ni nyeupe. Kupanda ni kazi, Gad alinisukuma mgongoni huku anacheka. Ndani! Kuna kiti kama cha padri. Nyuma kuna kitanda chembamba, na juu ya kitanda kitenge changu cha ndege wekundu. Nilifikiri kilipotea.

Nikakaa pembeni ya kitanda. Kumbe hapa ndipo uzi unapopumzika.

Gad akalala chali chini ya usukani na tochi mdomoni. Gichuki anaongea kwenye simu, sauti yake inajaza kamyo. Toa kile kisanduku. Ngoja taa izimike. Rudisha. Imewaka rangi gani? Kijani inayopepesa. Ngoja iache kupepesa. Sasa futa apu, iweke upya. Linganisha maili za kwenye lori na za kwenye simu. Zinalingana? Sasa sogeza lori kidogo.

Kamyo ikasogea. Mimi nikiwa ndani, nimeshika kitenge! Ilikuwa kama nyumba inaota inatembea. Mbele tuliona paa za maghala na uwanja ule mkubwa wa mpira, kimya, na theluji inayeyuka juu yake.

"Inakuonyesha?" Gichuki akauliza.

"Gad Ndayisaba, anaendesha," Gad akasoma.

"Safi. Ile waya ilikuwa imelegea, nadhani. Mama Gad uko hapo? Umebariki hiyo waya?"

Nimesema nimeibariki.

Telefone yangu niliisahau nyumbani kwenye chaji. Naandika tu.

Jumapili, 18 Januari

Rosalie ametoa ushuhuda. Sikumtuma! Alisimama baada ya kwaya, akasema kuna mama kati yetu, mwanawe ana msaidizi ndani ya kamyo ambaye kompyuta za Amerika haziwezi kumtambua. Kanisa lote likapiga makofi. Gad alikuwa kando yangu, shingo imezama ndani ya koti. Akaninong'oneza: "Mama, bosi wangu asije akasikia hii."

Ameondoka mchana. Nimemfungia ndagala na mkate. Nilisimama dirishani mpaka gari la rafiki yake likapinda kona.

Jumatatu, 19 Januari

Nimebonyeza, nimepita. Yuko kwenye kulala.

Siku kuu, Elsa hana shule. Amelala mpaka mchana. Wanangu wote wawili wamelala kwa pamoja. Nyumba ilikuwa kama ndani ya maji. Nimefuma.

Jumanne, 20 Januari

Mungu wangu. Niandike polepole.

Gad alipiga mchana. Imerudia. Jana na leo. Kisanduku kizima, waya nzima, apu mpya, na bado amekutwa hana jina. Alisema Gichuki ameuliza kila kitu, na mwisho akamuuliza kama rafiki: niambie ukweli, kuna mtu? Hapo sauti ya Gad ilivunjika. Gichuki alikuwa wa mwisho aliyekuwa anamwamini. Akasema anarudi barabarani, ana mzigo wa kufikisha.

Mimi nikabaki nimesimama jikoni. Nilitaka kumwona tu. Elsa ametoka shule, yuko mezani anakula. Nikabonyeza kigari, kikaja kisanduku cha maneno, nikabonyeza la bluu.

Elsa aliona juu ya bega langu. Akauliza kwa Kiingereza nimebonyeza nini. Nikasema la kupita. Akasema, kupita wapi? Akachukua telefone, akatoka, akaingia tena, kisanduku kikarudi. Akanisomea, akaanza kunitafsiria, uso wake ukawa unabadilika kadiri anavyosoma.

Kimeandikwa: Umeingia kwenye telefone nyingine. Ukiendelea hapa, utatolewa kule.

Na neno la bluu ni: Endelea.

Kila asubuhi. Akiwa amelala, mimi namtoa. Anaamka, anagusa, ramani iko mbele, hajui. Anaendesha bila jina. Akisimama anaingia tena, kesho yake mimi namtoa tena. Mama mzima, na kikombe cha chai mkononi.

Malaika ni mimi.

Halafu Elsa akasema kidogo kidogo: Mom, sasa hivi anaendesha.

Nikapiga. Hapokei akiendesha, ndivyo nilivyomfundisha mwenyewe. Elsa akamwandikia: ukisimama ingia tena, tupigie. Tulikaa kama watu wanaongoja daktari.

Alipopiga, nilimwambia yote kwa pumzi moja. Ile telefone. Kigari. Kulala. Hata Ngomo nilimwambia, sijui kwa nini. Nilisikia magari yanapita.

Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka nikajua analia pia. "Mama," akasema, "kwa hiyo uliniangalia kila siku?"

Kila siku.

Jumatano, 21 Januari

Gichuki amenipigia mwenyewe. Nilifuta mikono kwanza, ndipo nikapokea.

"Mama Gad. Wewe ndiye dereva asiyejulikana?"

Nikasema ni mimi, mwanangu, unisamehe.

"Na hata leseni huna. Nimetafuta majambazi, kumbe ni shosho na chai yake." Nikamwambia sina mjukuu bado. Akasema basi ni mama wa kanisa, hao ndio hatari zaidi.

Kisha akawa mtu wa kazi. Angeweza kubadilisha neno la kuingilia leo leo, lakini bosi hataamini maneno. Lazima aone telefone yenyewe inavyomtoa mtu. Kwa hiyo nisifute kitu. Nisiguse kigari. Keshokutwa Ijumaa niilete Landover, bosi aone kwa macho yake. Na kati ya leo na Ijumaa logibuku ya Gad iwe safi, jina lake mwanzo mpaka mwisho, ndipo ionekane kweli tatizo lilikuwa kidole changu.

"Ikitokea tena hata mara moja," akasema, "bosi atasema mnatafuta visingizio, na mimi sitakuwa na mdomo."

Nimeahidi.

Rosalie ndiye atakayenipeleka, ana gari. Nilimweleza, nikamwomba Jumapili arekebishe ushuhuda. Akakasirika. "Ushuhuda si sahani, unaazima halafu unarudisha." Baada ya muda akapiga tena. Alikuwa anacheka peke yake. "Walipiga makofi kwa kidole chako, dada. Kipake mafuta."

Asubuhi sikumwona Gad. Chai ilinishinda.

Alhamisi, 22 Januari

Theluji ya kweli. Shule imefungwa, kazini wamesema tusije. Nje hakuna sauti, hata mbwa wa jirani. Magari yamekuwa vilima. Dunia nzima iko kwenye mstari wa kulala.

Isipokuwa mmoja. Gad yuko kwenye milima ya Pennsylvania, anarudi. Asubuhi alipiga kabla ya kuondoka, akasema barabara imemwagiwa chumvi, nisiogope, atapiga akisimama kula.

Saa ya kula imepita.

Elsa ameona kwenye habari kamyo zimekwama mahali fulani huko milimani. Hakutaka kuniambia. Nilisoma mgongo wake.

Nimepiga. Inaita, inaita. Ofisini kwa Gichuki nako hakuna anayepokea, theluji imewafungia. Vizuri, Gad hapokei akiendesha. Au.

Telefone iko mezani mbele yangu. Kigari cha kijani kinanitazama. Kugusa mara moja tu na nitajua. Uzi ukiwa kwenye kulala, amesimama pembeni, amejifunika ndege wangu wekundu. Ukiwa kwenye kuendesha, basi yu hai, anaendesha. Lakini nikigusa tu, jina lake linaanguka. Akiwa salama, nitakuwa nimemfukuzisha kazi mtu mzima aliye salama.

Kidole kilikwenda chenyewe. Kilifika karibu sana. Naandika ukweli, hakuna wa kuusoma.

Elsa aliniona. Alichukua kitambaa ninachofuma, bado sindano inaning'inia, akaifunika telefone kama tunavyofunika chakula cha mtu ambaye hajafika. Akavuta kiti karibu nami. Huyu ambaye kila neno langu analijibu kwa Kiingereza, akasema: "Mama, tungoje."

Tunangoja.

Nimeomba, lakini sikuomba kama zamani. Nimesema: Bwana, leo usitume mtu kwenye usukani. Mwache Gad ashike mwenyewe, na jina lake liandikwe. Wewe mshike macho tu.

Sombe iko motoni, ndogo ndogo. Theluji inaanguka tena. Elsa ameshika ncha ya uzi, anauzungusha kwenye kidole, hajui kama anafanya hivyo.

Naandika ili mkono wangu uwe na kazi. Bado hajapiga.