Kufuli Kwenye Mlango wa Zimamoto

Harker, Oregon
9 Juni 1986

Mwanangu Garth,

Salamu zikufikie huko Stroud, wewe na mkeo Lorene na wajukuu zangu. Sisi tupo. Kifua cha baba yako ni kile kile. Mtungi wa oksijeni unamfuata nyumba nzima na yeye anautukana kutwa. Mimi ni magoti tu.

Haya, salamu zimekwisha. Sasa niambie, ni nani aliyetia kufuli kwenye kituo chetu cha zimamoto?

Asubuhi nimepeleka mayai kwa Opal Dunning, nikakuta mlango wa kituo umefungwa kwa kufuli jipya, na karatasi imebandikwa: kwa amri ya makamishna wa kaunti, gari la zimamoto lisitoke mpaka bima irejeshwe. Chini kuna sahihi tatu, na ya katikati ni ya kwako. Garth! Wewe umezaliwa hapa. Unajua ngano ikishageuka njano huku, hata cheche ya tairi lililopasuka inatosha. Halafu wewe ndiye wa kulifungia gari?

Usinieleze kuhusu bima, naijua habari yake. Bodi ya zimamoto ina viti vitano. Mzee Amos amekufa, Delbert amehamia Boise. Wamebaki Opal na wale ndugu wawili, Lyle na Merritt Tunstad. Akidi ni watu watatu, na Merritt hajakaa chumba kimoja na Lyle tangu wamzike mama yao wakagombania piano ambayo hakuna kati yao anayejua kuipiga. Hawakutani, basi hawapitishi malipo, basi bima imekufa. Yote hayo nayajua. Nisichojua ni ninyi mnafanya nini.

Baba yako hawezi kukimbia. Kutoka kitandani mpaka barazani anapumzika njiani. Moto ukija, mimi siwezi kumbeba.

Nijibu kwa barua. Kwenye simu unaniitikia "ndiyo Mama, ndiyo Mama" huku unasoma gazeti.

Mama yako


Stroud
13 Juni 1986

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika, na moshi wake pia. Sisi wazima. Lorene anakusalimu, watoto wanauliza lini watakuja kukusumbua.

Mama, tulia kidogo. Gari lisilo na bima likimgonga mtu, waliojitolea wote watashtakiwa, hata mashamba yatakwenda. Mwaka huu kampuni za bima zimekuwa kali nchi nzima. Tumefunga kwa ajili ya kuwalinda. Kwa sasa kikosi cha Stroud kitaitika simu zote za Harker.

Na dawa ipo. Kaunti ina uwezo wa kujaza viti vilivyo wazi. Apatikane mtu mmoja tu atakayekubali: yeye, Opal na Lyle wanatimiza akidi, Merritt abaki kwake na hasira zake. Hebu waulize majirani. Wewe wanakusikiliza. Suala lenyewe liko kwenye ajenda.

Mwanao,
Garth


Harker
21 Juni 1986

Mwanangu Garth,

Nimefurahi kusikia hamjambo. Na sisi hatujambo, kwa maana ya kwamba hatujaungua bado.

Kikosi cha Stroud kitaitika! Mtoto wewe, kutoka huko mpaka hapa ni karibu saa nzima, tena kama hakuna kondoo barabarani. Wakifika watatusaidia kufagia majivu.

Nimefanya ulivyosema. Kwanza nilianza na Tunstad. Nikaoka pai, nikawaalika wote wawili bila kumwambia mmoja kuhusu mwenzake. Dhambi ndogo, Mungu ataielewa. Lyle akatangulia. Merritt akaja, akaona gari la kaka yake uani, hata injini hakuzima. Akateremsha kioo. "Idella, nikitaka kula na nyoka nitakwenda mawe ya mtoni." Huyo, akaondoka. Lyle akala pai karibu yote, akafuta mdomo, akaniuliza, "Nani huyo aliyepita?" Watu wazima hawa, wana wajukuu!

Kisha nikazunguka nyumba kwa nyumba. Norris wa gereji anasema mkewe hataki washtakiwe. Mwalimu anasema yeye mpangaji. Mchungaji anasema ataliombea jambo hili. Nikamwambia, basi uombe mvua kabisa, tusihangaike na bodi.

Hakuna mtu, Garth. Wanaogopa mahakama, na wanaogopa zaidi kuonekana wako upande wa Lyle au wa Merritt. Basi niteueni mimi. Umri ninao, akili ninazo, na ulimi wa kuwanyamazisha wale wawili ninao pia. Maombi yangu nimeyatia ndani ya bahasha hii.

Mama yako


Stroud
27 Juni 1986

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini Baba amelala vizuri wiki hii.

Mama, haiwezekani. Makamishna tuko watatu. Hobart ameangushwa na farasi, amevunjika nyonga, amelazwa Portland. Tumebaki mimi na Fern Pickett, na uteuzi unataka kura mbili. Fern yuko tayari. Mimi ndiye siwezi. Mwanasheria wa kaunti amenieleza waziwazi: kamishna akimpigia kura mama yake mzazi, huo ni mgongano wa maslahi. Naweza kupoteza kazi. Jumatatu Fern alipolitaja jina lako, ilibidi nikae kimya.

Tumepanga mkutano wa kusikiliza wananchi tarehe 15 Julai. Kwa sasa mlete Baba kwetu. Chumba cha chini kiko wazi.

Usinikasirikie.

Mwanao,
Garth


Harker
2 Julai 1986

Garth,

Hatujambo.

Nilimsomea baba yako barua yako. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikaogopa. Alipopata pumzi akasema, "Mwambie zege la kile kituo nimelimwaga kwa mikono yangu, na chumba chake cha chini kinanuka soksi." Kwa hiyo haji. Nami siwezi kumwacha yeye, basi siji.

Maslahi gani, hebu nieleze. Kiti chenyewe hakina hata senti ya mshahara. Maslahi yangu ni baba yako asiungue. Kama huo ndio mgongano, basi na ugongane!

Mnataka kusikiliza wananchi. Mimi si mwananchi? Mwezi mzima napiga kelele, hujasikia? Mvua hakuna tangu Mei. Lyle anaanza kuvuna wiki ijayo. Nyasi ukizikanyaga zinavunjika. Na ninyi mnapanga mikutano.

Nakuuliza kama mtu mzima anavyomuuliza mtu mzima: unaogopa nini hasa, sheria au kazi yako?

Mama yako


Stroud
14 Julai 1986

Mama mpendwa,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa kujibu. Huku salama.

Mkutano wa kesho umeahirishwa. Fern amekwenda Spokane, bintiye anajifungua, na bila yeye sisi wenyewe hatuna akidi. Tarehe mpya ni 12 Agosti. Najua utasema nini, usiseme.

Lakini hatukukaa bure. Tumechapisha vipeperushi vya rangi vya kuwashauri watu wasafishe nyasi kuzunguka nyumba. Nimekutumia vichache uwagawie majirani.

Nafurahi kwamba huko kumetulia.

Mwanao,
Garth


Harker
16 Julai 1986

Garth,

Vipeperushi vyako vimefika. Kimoja nimempa Opal, kile cha kusafisha nyasi kuzunguka nyumba. Nyumba hana tena.

Ilikuwa Jumatatu mchana, wakati wewe ukiniandikia kwamba kumetulia. Kombaini ya kuvunia ya Lyle ilikwaruza jiwe, cheche ikaruka, na upepo ulikuwa wa magharibi. Nikapiga simu Stroud. Wakasema wanakuja. Nikaenda kituoni nikakuta watu wamesimama wanalitazama kufuli. Merritt akashuka na mkasi wa kukatia vyuma, akalikata bila kumuuliza mtu. Tukashangilia. Norris akapanda, akawasha gari. Kimya. Betri ilikuwa imekufa, Garth. Tangu Juni hakuna aliyeruhusiwa kulingurumisha gari lile. Ikabidi tulivute kwa trekta mpaka liwake, na muda wote huo moto unatembea.

Lyle na Merritt wakaingia na matrekta kulima ukanda wa udongo mtupu mbele ya moto. Nimesimama katikati yao, uso mweusi kwa masizi. Huyu anapiga kelele, "Idella, mwambie yule apeleke plau kusini!" Na yule yuko pale pale, anamsikia, ananijibu mimi, "Idella, mwambie nimeshasikia!" Nikawatukana wote wawili maneno ambayo sijayatumia tangu nilipokuzaa.

Gari lilipofika kwa Opal, paa lilikuwa limeshashuka. Nimemkuta barabarani ana kuku mmoja kwapani na saa ya ukutani mkononi. Hakuwa analia. Aliniuliza kama nina mahali pa kumweka kuku.

Kwetu moto umekomea kwenye ule ukanda, karibu na zizi. Baba yako nilikuwa nimemfungia ndani ya gari, vioo juu, kitambaa cha maji usoni. Niliporudi akanishika mkono, akanifuta masizi usoni kwa kile kitambaa.

Stroud walifika. Mkubwa wao jambo la kwanza aliloniuliza ni nani aliyeruhusu kufuli likatwe.

Opal analala chumba chako cha zamani.

Mama yako


Stroud
24 Julai 1986

Mama,

Shikamoo. Nilipokuja Alhamisi uliniacha barazani na Baba, mlango wa jikoni hukufungua. Nilikusikia ukiosha vyombo ambavyo nina hakika vilikuwa visafi.

Mama, pole. Mpe Bi. Opal pole yangu. Nililala vibaya na bado nalala vibaya.

Mwanasheria anataka majina ya waliokata kufuli. Nimemwambia sijui. Uteuzi wako anasema tusubiri maoni ya maandishi kutoka mji mkuu wa jimbo, pengine Septemba. Najua ni upuuzi. Lakini ndio utaratibu.

Niandikie, hata kama ni matusi.

Mwanao,
Garth


Stroud
5 Agosti 1986

Mama,

Shikamoo. Bado hujaniandikia. Nilidhani unaumwa, nikampigia Baba simu. Akasema, "Mama yako mzima, ana shughuli," akacheka, akakata.

Leo nimeiona shughuli. Kwenye ubao wa karani wa kaunti, chini ya wagombea wa Novemba: Idella Krebs, mgombea binafsi. Mama, hicho ni kiti changu! Fern alicheka mpaka akavua miwani. Karani anasema wadhamini wako wamezidi idadi inayotakiwa. Lyle na Merritt wametia sahihi, kila mmoja kwenye karatasi yake. Na Lorene yumo. Lorene! Nimemuuliza mezani, akaniambia nile viazi vyangu vinapoa.

Unanitia aibu kaunti nzima. Unataka nifanye nini?

Mwanao,
Garth


Harker
7 Agosti 1986

Mwanangu,

Hatujambo. Unajua ninachotaka. Mwanasheria wako anataka jina la aliyekata kufuli: ni mimi niliyesema likatwe. Aandike Idella, kwa herufi kubwa.

Mama yako


Stroud
13 Agosti 1986

Mama mpendwa,

Shikamoo.

Jana ukumbi ulijaa. Hobart bado yuko Portland. Bi. Opal alikaa mstari wa mbele, amevaa gauni lako la bluu. Fern akasoma jina lako. Mwanasheria akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikasema, "Huyu ni mama yangu mzazi, kila mtu humu anajua, na nampigia kura." Nikainua mkono. Ulikuwa unatetemeka, lakini niliuacha juu mpaka karani alipomaliza kuandika.

Huenda nikashtakiwa kwa mambo ya maadili. Na iwe. Sasa wewe ni mjumbe wa bodi ya zimamoto ya Harker. Akidi mnayo.

Nimefanya ulichotaka. Tafadhali, ondoa jina lako kwenye uchaguzi.

Mwanao,
Garth


Harker
20 Agosti 1986

Mwanangu mpenzi Garth,

Salamu nyingi, na safari hii ni salamu za kweli. Baba yako amekula vizuri leo. Magoti yangu yamenisamehe.

Jana tumekutana kituoni, mimi, Opal na Lyle. Tumepitisha malipo ya bima na betri mpya, muda wote haukuzidi wa kuchemsha kahawa. Miezi yote ile, kwa jambo la kahawa moja! Merritt alikaa nje ndani ya gari lake, kioo amekishusha, anasikiliza. Leo asubuhi Norris ameliwasha gari la zimamoto akalizungusha kijiji kizima anapiga king'ora. Baba yako alitoka barazani mwenyewe kulipungia mkono.

Barua yako nimeisoma nikalia, sikufichi. Najua umeweka kazi yako rehani kwa ajili yetu. Nilimsomea baba yako mara mbili, na mara ya pili ni yeye aliyeomba.

Lakini jina siondoi.

Mkono huo uliouinua ulikuwa nao Juni. Ungeweza kutetemeka Juni vilevile. Fern alikuwepo, jina langu lilikuwepo, sheria ilikuwa hii hii. Kilichoongezeka hapo katikati ni nyumba ya Opal. Niko mezani naandika, namsikia anapanga nguo kwenye kabati lako. Zote ni za kupewa. Anachagua taratibu kama mtu aliyeko dukani, ili nisijue kwamba hakuna hata moja inayomtosha.

Jumapili njooni mle, mlete wajukuu. Nakupenda, mwanangu, hilo halina mjadala. Kura yangu sikupi.

Mama yako