Mguu Uliokufa Ganzi

Jumatatu, 6 Mei

Nimeshona sare mbili za shule na kupunguza suruali ya mwalimu. Uzi mweusi umekwisha. Watu wanaingia dukani si kwa kushona bali kunipa mkono. "Mutumishi, hongera." Ninaitikia, ninakanyaga cherehani. Natamani ardhi ipasuke, na ardhi ya mji wetu huu wa Baraka haipasuki, ziwa tu ndilo linalomeza nyumba za ufukweni.

Niandike hapa, maana kwa mdomo siwezi. Jana kanisani mchungaji aliuliza nani atakwenda Kilembwa, milimani nyuma ya Fizi. Tuna kanisa dogo kule. Mwinjilisti wake alikimbia bunduki mwaka jana na hakuna aliyechukua nafasi yake. Mchungaji akasema: aliyesikia sauti ya Mungu asimame. Watu wote wakainama kama waliodondosha sindano. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi. Nikasimama kuunyoosha.

Basi. Ndiyo habari yote. Kabla sijakaa, bamama wamekwisha kupiga vigelegele. Wazee wakaja na mafuta, nikawekewa mikono. Mke wangu Riziki alilia kwa furaha. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Sikusema. Mimi ni mwoga. Tena, niseme kweli, watu walikuwa wananitazama kwa heshima, na katika miaka hamsini na mbili hilo halijanipata mara nyingi.

Jumatano, 8 Mei

Nimefunga tangu jana, bila maji. Nimeuliza: Bwana, mguu ule ni wewe uliyeufisha? Kimya. Tumbo ndilo linalojibu.

Riziki amefua shati langu jeupe na kulipiga pasi mara mbili. Anaimba jikoni. Kwa miaka mingi amekuwa akiniambia kwamba ninaketi kanisani kama mtu anayengoja pikipiki. Sasa ana mume aliyeitwa. Sijui nitamnyang'anyaje furaha hiyo.

Ijumaa, 10 Mei

Nimekwenda kwa mchungaji kukiri. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri. Hakunipa nafasi. Alikuwa amepata simu kutoka kwa Asukulu, mzee wa kanisa anayewaangalia waumini waliobaki Kilembwa. Familia sita zilikuwa zimefunga mizigo zishuke huku, kwa sababu watu wenye silaha wamekaribia. Waliposikia mwinjilisti anakuja, wakafungua mizigo. Wamesema Mungu hawezi kutuma mtumishi mahali anapotaka paangamie.

Mchungaji alikuwa na machozi. "Unaona, Wilondja? Imani yako njo imebashikilia."

Ati imani yangu ndiyo imewashikilia; nimerudi nyumbani na maneno yangu yote ya alfajiri. Kuna watoto wanaolala kule juu kwa sababu ya mguu wangu.

Jumamosi, 11 Mei

Nimempigia Asukulu mara tisa. Hapatikani. Kule mtandao wanaufuata juu ya kilima, siku wanayopata nafasi. Ujumbe kama huu nani ataupeleka? Nimwambie nani, naye aamini?

Lazima niende mwenyewe. Labda huku ndiko kutii. Labda ni aibu tu inanisukuma mgongoni. Nimejaribu kutofautisha sauti hizo mbili mchana kutwa, nikashindwa. Nimepiga magoti mpaka magoti yakachoka. Sijasikia kitu.

Jumatatu, 13 Mei

Nalala Fizi. Nimepanda kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye meno.

Kabla ya kuondoka nilimwambia Riziki kweli yote. Alikuwa ameshika begi langu. Akaliachia. Alinitazama kama mteja aliyeharibiwa kitambaa. "Basi, usiende," akasema. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi mara moja. Kisha akasema, "Hapana. Enda. Ni weye ulibafungia kule."

Hakunisindikiza mpaka barabarani. Shati jeupe nimelivaa. Limekwisha kuwa jekundu kwa vumbi.

Jumanne, 14 Mei

Nimetembea kutwa. Mashamba ya muhogo yasiyo na wenyewe. Nyumba mbili zimeungua, mlango wa moja umesimama peke yake. Nilisali nikitembea, halafu nikaacha, maana nilikuwa narudia maneno yale yale.

Waumini wa Kilembwa walikuwa wananingoja mtoni. Nilisahau desturi hiyo. Mwinjilisti mpya haingii kijijini na mzigo wake: waumini wanakuja kumpokea kwenye maji, wanachukua kila kitu, wanaimba mpaka kanisani. Wakachukua begi, sufuria, koti, Biblia. Mama mmoja akabeba viatu vyangu kichwani. Nilitaka kusema pale pale. Wameimba sauti nne, wembamba wote wale, na nguo zilizochanika mabegani.

Nilitembea nyuma yao peku. Sikujua mikono niiweke wapi.

Jumatano, 15 Mei

Asubuhi nilianza kumweleza Asukulu. Ni mtu mrefu, mpole, anasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nikasema, mzee, kuna jambo kuhusu kuitwa kwangu. Akasema ushuhuda usitolewe na tumbo tupu. Mke wake alikuwa amechinja kuku. Hawana mwingine, nimeangalia uani. Nikala. Nikala mpaka shingo. Najichukia.

Mchana bunduki zimelia, mbali, upande wa juu. Mimi nililala chini. Wao waliendelea kupura maharage. Yule mama wa viatu akaniinua kwa mkono, akicheka kidogo. "Hatuogope tena," akasema. "Mutumishi iko."

Alhamisi, 16 Mei

Bunduki tena, karibu zaidi. Nimekwenda kugonga kile chuma cha gurudumu wanachotumia kama kengele. Si Jumapili, kwa hiyo walikuja wote mbio.

Nimesema yote. Mguu, ganzi, mafuta, kimya changu. Nimesema, Mungu hakuniambia kitu. Msikae hapa kwa ajili yangu. Shukeni.

Baba mmoja nyuma akaanza kucheka, akashindwa kuacha, mke wake akamtoa nje. Mama wa viatu aliondoka bila kunitazama. Asukulu alibaki wa mwisho. Nilidhani atanipiga, na ningemshukuru.

"Kuku yangu ulikula," akasema. Akatoka.

Ijumaa, 17 Mei

Wamekwenda. Familia zote sita, asubuhi, na mbuzi, magodoro na maharage ambayo hayajakauka. Hakuna aliyeniaga. Asukulu tu alisema, akitazama pembeni, nifunge begi niwafuate.

Nilifunga. Nikatoka. Ndipo nikamwona koko Mwavita ameketi mlangoni kwake. Bibi huyu ni mjane, watoto wake wote wamekufa au hawajulikani walipo. Miguu yake imevimba kama mihogo iliyolowekwa. Kumbeba kwa machela kunahitaji wanaume wanne, na wanaume wote wana watoto mgongoni. Wameahidi kutuma watu kutoka Fizi. Yeye mwenyewe aliwaambia waende, akawaombea safari njema kwa sauti ya ukali. Kila mtu pale alijua hakuna atakayerudi.

Nilisimama katikati ya njia. Nilingoja sauti. Naapa sikusikia sauti. Wenzangu walikuwa wanapotea kwenye mteremko, mmoja mmoja. Nikarudi, nikafungua begi.

Uongo wangu uliwaweka hapa. Kweli yangu imemwacha yeye peke yake. Sioni ningefanya nini kikawa chema.

Jumamosi, 18 Mei

Nimejaribu kumbeba mgongoni. Hatua ishirini, labda thelathini. Mgongo wa fundi cherehani si mgongo. Tumeanguka wote wawili kwenye mawe, kiwiko chake kimechubuka. Aliniambia nimrudishe nyumbani kabla sijamuua mimi mwenyewe, maana kuna wengine wanaotaka kazi hiyo.

Moshi unaonekana upande wa chini, karibu na njia waliyopita. Sijui kama wamefika. Hakuna aliyerudi.

Nimesoma Zaburi, herufi zinapita tu. Nimefikiri juu ya Riziki. Nimefikiri kukimbia peke yangu, nimefikiri sana, hata nimehesabu saa za kutembea. Simu imezimika.

Jumapili, 19 Mei

Sikugonga chuma. Ibada tumeifanya kwake, jikoni, watu wawili. Tumeimba wimbo mmoja. Mahubiri sikuwa nayo. Bunduki zimenyamaza tangu asubuhi, na kunyamaza huko hakunipi raha.

Nilimwambia koko Mwavita kwamba hata leo sijui kama ni Mungu aliyenileta. Nimefunga, nimeomba, nimetembea, nimebaki, na sijui. Alikuwa anachokora majivu kwa kijiti.

"Tangu mwezi wa tatu mi niliomba Mungu mutu wa kunitekea mayi," akasema. "Mutu tu. Muinjilisti sikuomba."

Akaniambia bidoni za maji ziko nyuma ya mlango.

Nimekwenda mtoni mara mbili. Bidoni ya kwanza nimeiweka jikoni. Ya pili nimeiweka kando ya kitanda chake, nimeilegezea kifuniko, mahali ambapo mkono wake utafika hata kama mimi sipo.